Wangapi mpaka hapa? Maswali na majibu kuhusu grafu za limbiko na kanuni

Kuna maswali ya hisabati ambayo mwanafunzi huyakosa ilhali kukokotoa anajua. Amechora grafu safi, kanuni ameikariri barabara, lakini akiulizwa "ni wangapi walipata alama 45 au zaidi?" kalamu inasimama. Kinachomshinda ni kusoma alichokichora mwenyewe. Mwalimu wa hisabati wa sekondari anajibu hapa maswali ya wanafunzi, wazazi na walimu wenzake kuhusu grafu za limbiko na kanuni nyepesi zinazoandamana nazo.

Majibu mengi yanarejea jedwali lifuatalo. Ni la mfano: wanafunzi 80 wamefanya mtihani wa majaribio wa hisabati. Shika penseli na karatasi ya grafu, uchore huku ukisoma.

| Alama | Wanafunzi | Limbiko |
|---|---|---|
| 0–9 | 4 | 4 |
| 10–19 | 10 | 14 |
| 20–29 | 18 | 32 |
| 30–39 | 20 | 52 |
| 40–49 | 12 | 64 |
| 50–59 | 8 | 72 |
| 60–69 | 5 | 77 |
| 70–79 | 3 | 80 |

Shikamoo mwalimu. Safu ya limbiko inapatikanaje, na namba zake zina maana gani? (Mwanafunzi, kidato cha pili)

Marahaba, mwanangu. Limbiko ni jumla inayokua kadiri unavyoshuka kwenye jedwali. Unaanza na 4. Unaongeza 10, unapata 14. Unaongeza 18, unapata 32. Unaendelea hivyo hadi mwisho, na namba ya mwisho sharti iwe sawa na idadi ya wanafunzi wote. Hapa ni 80. Ikitoka 79 au 81, usichore chochote kwanza. Rudi utafute ulipoteleza.

Kila namba kwenye safu hiyo inajibu swali moja tu: wangapi mpaka hapa? Namba 32 iliyo mbele ya kundi la 20–29 haisemi kwamba wanafunzi 32 walipata alama kati ya 20 na 29. Hao ni 18. Inasema kwamba wanafunzi 32 walipata 29 au pungufu. Katika viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kidato cha nne, D inaanzia alama 30, kwa hiyo hao 32 wote wana F. Thelathini na mbili kati ya themanini ni asilimia 40 ya wanafunzi. Umeshajua jambo zito kuhusu mtihani huo na bado hujagusa karatasi ya grafu.

Kwa nini tunaweka nukta mwisho wa kundi, wakati kwenye poligoni tulifundishwa kuziweka katikati? Na hizi 9.5, 19.5, 29.5 zinatoka wapi? (Mwanafunzi, kidato cha pili)

Chukua kundi la 20–29. Ukiweka nukta ya 32 kwenye 24.5, yaani katikati, unadai kwamba wanafunzi 32 wamepata chini ya 24.5. Hilo si kweli, maana miongoni mwa wale 18 wapo wenye 26, 28 na hata 29, na wote umewahesabu. Hesabu ya 32 inatimia pale kundi linapokwisha, kwa hiyo nukta inakaa pale kundi linapokwisha. Poligoni inaonyesha kundi lina watu wangapi, ndiyo maana katikati inaifaa.

Kuhusu 29.5: alama zetu ni namba nzima, hivyo kati ya 29 na 30 pana mwanya usio na mtu. Mstari wa grafu hauruki mwanya, basi tunaugawa sawasawa na kuweka mpaka kwenye 29.5. Nukta zako zitakuwa 4 juu ya 9.5, 14 juu ya 19.5, 32 juu ya 29.5, na kuendelea hadi 80 juu ya 79.5. Usisahau nukta ya kuanzia, 0 juu ya -0.5. Kabla ya kundi la kwanza hapakuwa na mtu, na grafu inapaswa kulisema hilo.

Angalizo moja: umri hauendi hivyo. Mtu mwenye miaka 29 na miezi 11 bado husema ana miaka 29. Kwa hiyo kundi la umri la 20–29 linaishia kwenye 30 kamili, wala si 29.5. Kabla ya kuweka mpaka, jiulize namba hizo zilipatikanaje.

Grafu yangu ilipanda ikafika juu, halafu ikashuka. Nimekosea wapi?

Umechora safu ya wanafunzi badala ya safu ya limbiko. Watu wakishahesabiwa hawatoki kwenye hesabu, kwa hiyo grafu ya "wangapi mpaka hapa" inaweza kupanda au kwenda sambamba na mhimili wa mlalo, lakini kushuka haiwezi. Ikague kwa mambo matatu: inaanzia sifuri, inaishia kwenye idadi ya watu wote, na njiani haishuki hata mara moja. Ikikosa mojawapo, kuna kosa.

Swali linasema: "Tafuta idadi ya wanafunzi waliopata alama 45 au zaidi." Najuaje nianzie mhimili upi? (Mwanafunzi, kidato cha nne)

Angalia swali limekupa nini. Likikupa alama, anzia mhimili wa mlalo ambako alama zinakaa, panda hadi kwenye mstari, kisha nenda kushoto usome idadi ya watu. Likikupa watu, kwa mfano "nusu ya wanafunzi" au "wanafunzi 20 wa chini", anzia mhimili wa wima, nenda kulia hadi kwenye mstari, kisha shuka usome alama. Wengi wanaokosea hapa wameona "40" kwenye swali wakakimbilia 40 ya mhimili wa mlalo, kumbe ile ilikuwa ya watu.

Sasa swali lako. Wanaoanzia 45 wanatengana na wengine kwenye 44.5. Panda kutoka 44.5: uko katikati ya 39.5 na 49.5, kwa hiyo limbiko liko katikati ya 52 na 64, yaani 58. Usiandike 58. Hao ndio waliopata chini ya 45, kwa sababu grafu inasema "mpaka hapa", na swali limeuliza "kuanzia hapa". Toa: 80 - 58 = 22. Kwa viwango vya kidato cha nne, wanafunzi kama 22 wamepata C au zaidi.

Nimesema "kama 22" kwa makusudi. Jedwali limeshawaweka watu kwenye makundi, na alama ya mmoja mmoja haipo tena. Jaribu kutafuta waliofika A, inayoanzia 75: juu ya 74.5 utasoma 78.5, kisha utabakiwa na mtu mmoja na nusu! Hapo unaandika "mmoja au wawili". Jibu la grafu ni makadirio, na makadirio yakitoa nusu mtu ni wewe wa kuyatafsiri.

Zipo pia grafu zinazohesabu kutoka upande wa pili. Mwaka 1821 Mfaransa Joseph Fourier alichora watu wa Paris kwa umri wao: katika kila watu 10,000, ni wangapi wana umri fulani au zaidi? Grafu ya namna hiyo inaanzia juu na kuteremka, na ni sahihi kabisa. Kwa hiyo soma kwanza maelezo ya mhimili wa wima, ujue wanahesabiwa waliofika hapo au waliobaki.

Kanuni ya mediani nimeikariri: L + ((N/2 - nb) ÷ nw) × i. Naitumia na kupata jibu, lakini sijui inafanya nini. (Mwanafunzi, kidato cha nne)

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Mediani ni alama ya mtu wa katikati. Watu ni 80, nusu yake ni 40. Tafuta mahali limbiko linapofika 40. Kundi la 20–29 linapokwisha tumefika 32. Kundi la 30–39 linapokwisha tumeshapita, tuko 52. Basi mtu wetu yumo ndani ya 30–39.

Sasa zipe herufi majina yake. L ni mpaka wa chini wa kundi hilo, 29.5. N ni watu wote, 80. Herufi nb ni watu waliokwisha kuhesabiwa kabla ya kundi hilo, 32. Herufi nw ni watu waliomo ndani yake, 20. Na i ni upana wa kundi, alama 10. Vitabu vingine vinaandika C mahali pa nb na f mahali pa nw, lakini kazi ni ileile.

Isome kanuni kwa sauti, kutoka ndani kwenda nje. N/2 - nb ni 40 - 32 = 8: tumebakiza watu 8 kumfikia mtu wa katikati. Gawanya kwa nw, 8 ÷ 20: watu hao 8 ni sehemu mbili kati ya tano za watu wa kundi. Zidisha kwa i: sehemu mbili kati ya tano za alama 10 ni alama 4. Jumlisha na L: 29.5 + 4 = 33.5. Hiyo ndiyo mediani.

Rudi kwenye grafu. Chukua nukta ya 32 juu ya 29.5 na ile ya 52 juu ya 39.5, uziunganishe kwa rula. Kipande hicho kinapanda watu 20 kinaposogea alama 10. Kikipanda watu 8, kitasogea alama ngapi? Nne. Unatua kwenye 33.5 ileile. Kanuni na grafu ni kazi moja iliyofanywa mara mbili, mara ya kwanza kwa herufi na mara ya pili kwa rula. Ukiisahau kanuni ndani ya chumba cha mtihani, chora kipande hicho kimoja uijenge upya.

Pia sasa unaliona sharti ambalo kanuni hailitamki: inachukulia kwamba wale 20 wametawanyika sawasawa ndani ya kundi lao. Ukiunganisha nukta kwa mkono, mstari ukapinda kidogo, unaweza kusoma 33 au 34. Hujaharibu kitu, umechukulia mtawanyiko tofauti kidogo.

Kwa hiyo kwa robo ya chini na robo ya juu nikariri kanuni nyingine mbili?

Hapana, badilisha N/2 tu. Robo ya watu 80 ni 20, na robo tatu ni 60. Mtu wa 20 yumo kwenye kundi la 20–29: kabla yake kuna 14, tunahitaji 6 kati ya 18, kwa hiyo 19.5 + (6 ÷ 18) × 10 = 22.8. Mtu wa 60 yumo kwenye 40–49: 39.5 + (8 ÷ 12) × 10 = 46.2. Tofauti ya hizo mbili ni 23.3 ukikokotoa kabla ya kukadiria (46.17 - 22.83).

Wengi huishia hapo, wakapigia mstari jibu na kuendelea. Lakini 23.3 inasema nini? Inasema kwamba nusu ya wanafunzi, wale wa katikati, wamejipanga ndani ya alama kama 23 tu, kutoka karibu 23 hadi karibu 46. Robo moja iko chini yao na robo moja juu yao. Hiyo ni habari ambayo mwalimu wa darasa anaweza kuifanyia kazi.

Wastani wa mtihani huo ni 35.1 na mediani ni 33.5. Nitoe ipi kwa wazazi? (Mwalimu)

Mwalimu mwenzangu, toa zote mbili na useme kwa nini hazilingani. Wale wachache wenye alama za 60 na 70 wanauvuta wastani juu. Mediani haivutwi nao. Mtu wa katikati angebaki palepale hata kama watatu wa juu kabisa wangepata 100. Mzazi anayetaka kujua mwanafunzi wa kawaida amefanyaje, mediani inamjibu vizuri zaidi.

Nataka kulinganisha shule yetu yenye watahiniwa 80 na ya jirani yenye 200. Grafu yao inapaa juu sana, yetu inaonekana fupi. (Mwalimu)

Geuza malimbiko yote kuwa asilimia, kisha chora mistari yote miwili kwenye mhimili mmoja unaoishia 100. Kwenu, watu 32 kati ya 80 ni asilimia 40. Tuseme kwa jirani, waliopata chini ya 30 ni 50 kati ya 200. Hiyo ni asilimia 25.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata watu wazima. Juu ya 29.5 mstari wenu uko kwenye 40 na wa jirani uko kwenye 25, na jicho linataka kuamini kwamba aliye juu ndiye mshindi. Sivyo. Mstari ulio juu unasema watu wengi zaidi wameishia kwenye alama ndogo. Kwa alama za mtihani, mstari uliosogea kulia ndio wenye matokeo bora. Jambo linageuka ikiwa namba ndogo ndiyo nzuri, kama dakika ambazo wagonjwa wanasubiri kumwona daktari: huko, mstari ulio kushoto na juu ni wa kituo kinachohudumia haraka.

Mistari ikikatana, usitangaze mshindi. Tazama ule unaopanda kwa ghafla zaidi: watu wake wamebanana kwenye alama zinazokaribiana. Ule unaopanda taratibu una walio nyuma sana na walio mbele sana katika shule moja.

Mwalimu, mstari kupanda kwa ghafla au taratibu kuna tofauti gani kama mwisho wote unafika juu? (Mwanafunzi, kidato cha tatu)

Nenda kaitazame dira ya maji nyumbani, mwanangu. Namba zake ni limbiko: tangu ilipofungwa inajumlisha tu. Tuseme mwisho wa Januari ilisoma uniti 412, Februari 430, Machi 448, Aprili 451 na Mei 469. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000.

Namba 469 peke yake haikuambii kama mnatumia maji mengi au machache. Inategemea dira ina umri gani. Habari iko kwenye tofauti: 18, 18, 3, 18. Ukichora, mstari unapanda kwa mwinuko uleule hadi Machi, unakaribia kulala mwezi wa Aprili, kisha unaendelea kama mwanzo. Aprili mlisafiri, au maji yalikuwa ya mgao.

Basi shika hili: kimo cha grafu ya limbiko kinaonyesha jumla, na mwinuko wake unaonyesha kasi. Kwenye jedwali letu la alama, mwinuko mkali kuliko wote uko kati ya 29.5 na 39.5, kwa sababu ndiko wanafunzi 20 walikorundikana. Anayeuliza "kundi gani lina watu wengi?" asitazame mstari ulipo juu. Autazame unapopanda kwa ghafla.

Wakati wa korona niliona mtandaoni mstari wa Tanzania umelala kwa muda mrefu. Watu walibishana sana. Hisabati inasemaje? (Mzazi)

Hisabati inasema machache kuliko wabishi, mzazi mwenzangu. Namba zile za jumla ya wagonjwa zilikuwa malimbiko. Tanzania iliacha kutoa takwimu mpya Mei 2020, jumla ikiwa wagonjwa 509, na kwa zaidi ya mwaka mstari wake katika kumbukumbu za kimataifa ulibaki kwenye 509. Takwimu zilianza kutolewa tena mwaka 2021.

Mstari wa limbiko ukilala kuna mambo mawili yanayowezekana: hakuna kilichoongezeka, au kilichoongezeka hakikuandikwa. Kwenye karatasi yote mawili yanafanana. Grafu haina uwezo wa kukutofautishia. Lazima uulize namba zilikusanywaje na nani alikuwa anaziandika.

Vivyo hivyo mstari ukiruka. Tarehe 17 Aprili 2020 mji wa Wuhan nchini China uliongeza vifo 1,290 kwenye jumla yake kwa mkupuo, baada ya kurudia kuhesabu. Kwenye grafu kuna ngazi iliyosimama wima siku hiyo, lakini watu hao hawakufa siku hiyo. Ngazi inaonyesha siku waliyoandikwa.

Mwanangu akikutana na kanuni mpya anakimbilia kuweka namba. Nimwambie afanye nini kwanza? (Mzazi)

Mwambie aisome kama sentensi, kisha ajibu maswali matatu kabla ya kugusa kikokotoo: kila herufi inasimamia nini, inapimwa kwa kizio gani, na ikiongezeka, jibu litaongezeka au litapungua?

Chukua riba rahisi: fedha ya mwanzo, mara kiwango cha riba, mara muda, gawanya kwa 100. Umeweka shilingi 400,000 kwa kiwango cha asilimia 6 kwa mwaka, kwa miezi 9. Anayekimbia anaweka 9 mahali pa muda na kupata riba ya shilingi 216,000. Aliyesoma ameona kiwango ni cha mwaka, kwa hiyo muda sharti uwe wa mwaka: 9 ÷ 12 = 0.75. Riba ni shilingi 18,000. Na hata asiyeliona hilo mapema angestuka baadaye, kwa sababu asilimia 6 ya 400,000 ni 24,000 kwa mwaka mzima, na miezi 9 haiwezi kuzaa zaidi ya hapo.

Na kanuni ikinipa kitu kimoja wakati mimi nataka kingine? (Mwanafunzi, kidato cha kwanza)

Tuseme ankara ya maji inakokotolewa hivi: G = 1,500u + 2,000, ambapo G ni gharama kwa shilingi na u ni uniti ulizotumia. Isome: 2,000 inalipwa hata usipofungua bomba, na kila uniti inaongeza 1,500. Ankara imekuja ya 29,000. Ni uniti ngapi?

Kanuni ilizidisha kwanza, ikajumlisha mwisho. Wewe unarudi nyuma, unaanza kufungua kilichofungwa mwisho. Toa 2,000, unabaki na 27,000. Gawanya kwa 1,500, unapata 18. Anayeanza kwa kugawanya 29,000 yote kwa 1,500 anapata 19.33, kwa sababu amezigeuza zile 2,000 za kudumu kuwa maji. Ukishapata 18, linganisha na tofauti ya namba mbili za mwisho za dira. Zikikataana, una swali la kuwauliza waliokuletea ankara.

Kuna mchezo wa kuweka akiba: wiki ya kwanza 1,000, ya pili 2,000, hadi wiki ya 52 unaweka 52,000. Nimefika nusu ya mwaka na nimekata tamaa, fedha ni kidogo. (Msomaji)

Usikate tamaa kabla ya kusoma grafu yako. Jumla ya 1 + 2 + 3 hadi n inapatikana kwa kanuni n(n + 1) ÷ 2. Sababu yake ni nyepesi: oanisha wa kwanza na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho. Kwa wiki 52, kila jozi inatoa 53, na jozi ziko 26. Zidisha, unapata 1,378. Mwisho wa mwaka utakuwa na shilingi 1,378,000.

Sasa weka n = 26: 26 × 27 ÷ 2 = 351. Nusu ya mwaka imepita na una 351,000, karibu robo tu ya jumla. Nusu ya fedha yote, yaani 689,000, utaivuka wiki ya 37. Hujachelewa hata kidogo. Grafu ya akiba hii imeumbwa hivyo. Inapanda taratibu mwanzoni na kwa ghafla mwishoni, kwa sababu kila wiki unaongeza zaidi ya wiki iliyotangulia.

Lakini isome pia kwa jicho la mfuko. Wiki nne za mwisho zinadai 49,000, 50,000, 51,000 na 52,000, jumla 202,000, na kwa aliyeanza Januari hizo ni wiki za Desemba, zenye sikukuu mbele na ada nyuma yake. Wapo wanaougeuza mchezo, wakaanza na 52,000 na kumalizia na 1,000. Jumla ni ileile, 1,378,000, ila mstari unapanda kwa ghafla mwanzoni na kupoa mwishoni. Mwanzo na mwisho ni palepale, na kilichobadilika njiani ni uzito wa kila wiki.

Mtihani umekaribia. Nifanye mazoezi gani katika muda uliobaki? (Mwanafunzi, kidato cha nne)

Chora grafu moja tu, ya jedwali lililo hapa juu, uichore vizuri. Kisha jitungie maswali kumi juu yake, nusu yakikupa alama na nusu yakikupa watu. Yachanganye: waliopata chini ya 30, waliopata zaidi ya 30, wasiopungua 30, wasiozidi 30. Ukiyaona kama swali moja, rudia, kwa maana mwenye 30 kamili anahesabiwa katika mawili na anaachwa katika mawili. Kila jibu la grafu lihakikishe kwa kanuni ya mediani uliyokwisha kuirekebisha, na kila jibu la kanuni litafute kwenye grafu.

Siku ya mtihani, kabla ya kupigia jibu mstari, litupie jicho jedwali. Mediani uliyotafuta ndani ya kundi la 30–39 ikitoka 43.5, huna haja ya mtu wa kukusahihishia. Mtu huyo ulimkuta ndani ya kundi hilo, na hakuna njia halali ya kumtoa nje.